Shajara ya mradi: programu dhibiti huria kwenye ruta na plagi mahiri

Mapema Machi: sababu za kuanza

Ruta ninayoishughulikia haina hitilafu yoyote katika vipande vyake vya ndani. Redio zake mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, zinafanya kazi vizuri. Fleshi yake, yaani kumbukumbu inayohifadhi programu hata umeme ukizimwa, ni megabaiti 16, RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ni megabaiti 128, na kichakataji chake kinatosha kuhudumia nyumba nzima. Kilichozeeka ni programu dhibiti, yaani ile programu inayokaa ndani ya kifaa na kukiendesha tangu kinapowashwa. Mtengenezaji aliacha kutoa masasisho ya modeli hii zamani, na kwa hiyo kila udhaifu uliogunduliwa baada ya hapo katika keneli ya Linux (kiini cha mfumo wake), katika maktaba za usimbaji fiche au katika ukurasa wa mipangilio umebaki wazi, huku kifaa chenyewe kikiwa na uwezo wa kudumu miaka mingine mingi.

Watu wanapohimizwa kubadilisha programu dhibiti hutajiwa manufaa mengi kwa mkupuo mmoja, na lengo la mradi huu ni kupambanua yapi kati ya hayo yanaonekana kwa kipimo na yapi ni maneno tu. Nimechagua vifaa vya aina mbili: ruta hii, itakayosakinishwa OpenWrt, programu dhibiti huria ya ruta, na plagi mahiri kadhaa, zitakazosakinishwa Tasmota, programu dhibiti huria ya vifaa mahiri. Simu nimeiacha nje ya mradi makusudi. LineageOS, mfumo huria wa simu uliorithi kazi ya mtangulizi wake CyanogenMod mwishoni mwa 2016, umezirefushia maisha simu nyingi, lakini kufungua kianzishi cha simu (programu ndogo inayoiwasha) husababisha baadhi ya programu za benki na malipo kukataa kufanya kazi, na suala hilo lingeumeza mradi wote.

Ikumbukwe kwamba mlango huu wa kubadilisha programu dhibiti haukufunguliwa kwa hisani. Ruta ya Linksys iitwayo WRT54G ilitoka Desemba 2002, na mwaka uliofuata watu walioichunguza waligundua kwamba ndani yake kulikuwa na Linux, ambayo leseni yake ya GPL humtaka anayesambaza programu awape watumiaji msimbo wake wa chanzo. Linksys, iliyokuwa imenunuliwa na Cisco mwaka huo huo wa 2003, ilishinikizwa hadi ikautoa msimbo hadharani. Kutokana na msimbo huo ndipo ilipoanza OpenWrt mwaka 2004, pamoja na jamaa zake DD-WRT na Tomato. Bila sharti la leseni, ruta za nyumbani zingeendelea kuwa masanduku yaliyofungwa, na ninachofanya leo kisingewezekana isipokuwa kwa wataalamu wachache wenye subira ya ajabu.

Katikati ya Machi: utambulisho wa kifaa na nakala ya akiba

Sehemu hii haina msisimko, lakini ndiyo inayoamua kama kifaa kitapona. Jina lililoandikwa kwenye boksi halitoshi kukitambulisha kifaa, kwa sababu watengenezaji hubadilisha vipande vya ndani bila kubadilisha jina la biashara. WRT54G yenyewe ni mfano mzuri: toleo lake la tano, la mwaka 2005, lilipunguziwa fleshi hadi megabaiti 2 na RAM hadi megabaiti 8, na Linux ikaondolewa ili nafasi yake ichukuliwe na VxWorks, mfumo mwingine usio huria; waliotaka Linux wakalazimika kutafuta modeli nyingine, WRT54GL. Aliyenunua kwa kutazama jina peke yake alipata kifaa kingine kabisa.

Kwa hiyo nimesoma namba ya toleo kwenye kibandiko cha chini, nikafungua kasha na kulinganisha maandishi ya chipu na yale yaliyomo katika ukurasa wa kifaa hiki kwenye jedwali la OpenWrt. Vyote vinalingana. Wakati kasha likiwa wazi nimetambua pia pini nne za mawasiliano ya seri, yaani ya kuzungumza na kifaa moja kwa moja kwa waya, zinazotumia volti 3.3 na kasi ya biti 115200 kwa sekunde, ili nijue pa kushika iwapo ruta itakataa kuwaka.

Nimenakili sehemu zote za fleshi kabla ya kuandika chochote. Muhimu kuliko zote ni sehemu iitwayo ART, ambamo kiwanda kiliandika vipimo vya urekebishaji wa redio za kifaa hiki kimoja pamoja na anwani zake za MAC, yaani vitambulisho vyake katika mtandao. Programu dhibiti ikiharibika inaweza kupakuliwa upya, lakini ART ikifutika haipatikani popote, na redio hubaki dhaifu au hukataa kabisa kufanya kazi. Nakala hiyo nimeihifadhi mahali pawili, nje ya ruta.

Faili ya OpenWrt nimeipakua na kuihakiki kwa SHA-256, alama inayoonyesha kama faili imebadilika. Zipo faili za aina mbili, na tofauti yake si ndogo: ile ya kwanza imetengenezwa ili ikubaliwe na ukurasa wa mipangilio wa kiwandani, na ya pili hutumika pale OpenWrt inapokuwa tayari imo ndani.

Baada ya siku chache: usakinishaji

Faili ilipakiwa kupitia ukurasa wa zamani wa mipangilio, ruta ikajizima na kujiwasha, na baada ya dakika chache ikajibu katika anwani 192.168.1.1. Wi-Fi huzimwa kwa chaguo-msingi na mtumiaji mkuu hana nenosiri, kwa hiyo waya ni wa lazima na kazi ya kwanza ni kuweka nenosiri. Uamuzi huo naukubali, kwani ni afadhali kifaa kisichotangaza mtandao wowote kuliko kinachotangaza mtandao wenye nenosiri linalojulikana na kila mtu. Ukurasa wa mipangilio wa OpenWrt, uitwao LuCI, hauna mapambo mengi, nami nauhesabu huo kuwa wema.

Mpangilio wa fleshi unastahili maelezo, maana ndani yake limo nufaa ambalo halitajwi mara nyingi. Mfumo wenyewe umebanwa katika SquashFS, ambayo husomwa tu na haiandikwi. Mabadiliko yote ya mtumiaji huwekwa katika tabaka la juu linaloandikika, na kinachoonekana ni muungano wa matabaka hayo mawili. Mipangilio ikivurugika, tabaka la juu hufutwa na mfumo hurudi ulivyokuwa siku ya kusakinishwa. Ikiwa hata kuingia haiwezekani, kitufe kikibonyezwa wakati mwafaka wa kuwaka huingiza ruta katika hali ya dharura, ambamo tabaka la juu halitumiki na mtu anaweza kurekebisha kilichoharibika. Nimeijaribu hali hiyo kwa makusudi kabla ya kuitegemea.

Mipangilio yote imo katika faili za maandishi chini ya /etc/config. Nimeziweka chini ya Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya faili, hivyo ninaweza kuona kilichobadilika, lini, na kurudisha ninachotaka. Katika programu ya kiwandani nilipewa faili moja iliyofumbwa ambayo ilikubaliwa na modeli ile ile peke yake.

Mwishoni mwa Machi: foleni

Hapa ndipo palipochukua muda mwingi zaidi, na ndipo ninapoona nufaa kubwa kuliko yote ambayo mtu wa kawaida atalihisi bila kuelezwa.

Tatizo ni hili. Mtu mmoja anapopakia faili kubwa, mazungumzo ya video ya mwingine hukatikakatika, na kurasa nyepesi hukawia kufunguka hata kama kipimo cha kasi kinaonyesha laini ni nzima. Watu wengi huhitimisha kwamba laini haitoshi, wakanunua kasi zaidi. Chanzo halisi aghalabu ni akiba kubwa mno ya pakiti (vipande vidogo vya data) ndani ya modemu na ruta: badala ya kutupa pakiti chache mapema ili mtumaji apunguze mwendo, kifaa huzilimbikiza zote, na kila pakiti mpya, hata ya sauti isiyoweza kusubiri, hujipanga mwisho wa foleni ndefu. Jim Gettys alilipa tatizo hili jina la bufferbloat mnamo 2010, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha njia ya CoDel, ambayo hupima muda ambao pakiti imekaa katika foleni badala ya kuhesabu urefu wa foleni. Kutoka hapo ilitokea fq_codel, iliyoandikwa rasmi katika waraka wa intaneti RFC 8290 wa mwaka 2018, na kisha CAKE, iliyoingia katika keneli ya Linux 4.19 mwaka huo huo. Sehemu kubwa ya majaribio ya njia hizi ilifanyika kwenye ruta za kawaida za nyumbani kupitia CeroWrt, tawi la OpenWrt lililoongozwa na Dave Täht. Kwa maneno mengine, programu dhibiti huria haikupokea tiba hii kutoka kwa wengine. Ndiyo iliyokuwa maabara yake.

Kabla ya kubadilisha chochote nilipima muda wa pakiti kwenda na kurudi, kwanza laini ikiwa tulivu, halafu wakati wa upakiaji mkubwa. Laini ikiwa tulivu, muda ulikuwa makumi machache ya milisekunde. Upakiaji ulipoanza ulipanda hadi zaidi ya nusu sekunde na kubaki huko mpaka faili ilipokwisha. Kisha niliweka kifurushi cha SQM, kinachosimamia foleni hizi, nikachagua CAKE, na kuiambia ruta kwamba kasi ya laini ni takriban asilimia 90 ya ile iliyopimwa. Punguzo hilo ndilo kiini cha mpango mzima: ni lazima foleni iundwe ndani ya ruta, ambako CAKE inaitawala, isiundwe ndani ya modemu, ambako hakuna anayeitawala. Katika kipimo kilichofuata muda uliongezeka kidogo tu upakiaji ulipoanza, na mazungumzo ya video yakaendelea bila mkatiko.

CAKE ina sifa nyingine ninayoithamini, nayo ni uwezo wa kugawa kasi kwa kifaa badala ya kuigawa kwa muunganisho. Programu ya kupakua inayofungua miunganisho mingi kwa pamoja haipati tena fungu kubwa kuliko simu yenye muunganisho mmoja. Ili hilo lifanye kazi nyuma ya NAT, ambapo vifaa vyote vya nyumbani hutumia anwani moja ya nje, ni lazima chaguo la nat liwashwe, la sivyo ruta huona anwani moja ya nje na kuwahesabu watumiaji wote wa ndani kuwa mmoja.

Gharama yake ni kichakataji. Ruta nyingi za nyumbani hutangaza kasi kubwa kwa sababu pakiti hupitishwa na saketi maalumu bila kuguswa na kichakataji kikuu, na njia hiyo ya mkato haipatani na SQM, kwa kuwa foleni haiwezi kutawalwa na programu isiyoziona pakiti. Kwa laini ninayotumia kichakataji kinatosha na ziada. Mwenye laini ya gigabiti na ruta ya bei rahisi atapoteza sehemu kubwa ya kasi yake, na kwake ushauri wangu ni kupima kwanza, kwa sababu laini ya kasi hiyo hujaa mara chache na huenda haoni tatizo lenyewe.

Mapema Aprili: usalama, pamoja na wajibu wake

Hoja ya usalama ndiyo inayotajwa kwanza na kila mtu, na kwa sehemu kubwa ni ya kweli. Mnamo Oktoba 2017 Mathy Vanhoef alipotangaza KRACK, udhaifu katika hatua za kupeana funguo za WPA2, mfumo wa ulinzi wa Wi-Fi, marekebisho yalifika ndani ya siku chache katika toleo la LEDE, tawi la OpenWrt ambalo baadaye liliungana nayo tena, ilhali ruta nyingi zilizokuwa zimetelekezwa na watengenezaji hazikupata marekebisho hayo kamwe. Mei 2018 kikundi cha utafiti cha Talos cha Cisco kilieleza kuhusu VPNFilter, programu hasidi iliyokadiriwa kuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54, vingi vikiwa ruta za nyumbani na za ofisi ndogo zenye udhaifu uliokuwa umekwisha kujulikana.

Hata hivyo, lazima niandike upande wa pili, kwa sababu mara nyingi hurukwa. Kubadilisha programu dhibiti humhamishia mtumiaji kazi ya kusasisha, haimwondolei. OpenWrt ikisakinishwa kisha ikasahauliwa kwa miaka mitano huwa hatari sawa na ile ya kiwandani, na pengine zaidi, kwa sababu mwenyewe anaamini kwamba amejilinda. Aidha, njia sahihi ya kusasisha si kupandisha kila kifurushi kimoja kimoja kama inavyofanywa kwenye kompyuta: vifurushi vipya hukaa katika tabaka la juu huku vya zamani vikiendelea kuchukua nafasi chini yake, fleshi hujaa, na vipande visivyopatana hukutana. Mimi natumia huduma ya kuunda faili kamili yenye vifurushi vyangu vilevile, nakala ya mipangilio ikiwa imechukuliwa kabla. Kazi hiyo imeingizwa katika kalenda yangu.

Mambo mawili zaidi yamekamilika katika kipindi hiki. La kwanza ni WPA3, mrithi wa WPA2, ambayo ilitangazwa 2018 na haikuwahi kuwepo katika programu ya kiwandani ya ruta hii. Imewezekana kwa kubadilisha kifurushi cha uthibitishaji, kwa kuwa kiendeshi cha redio kinakubali ulinzi wa fremu za usimamizi (ujumbe wa kuendesha muunganisho), ambao WPA3 huuhitaji. La pili ni mtandao wa pekee kwa ajili ya vifaa mahiri, ambao hauwezi kufika kwenye kompyuta za nyumbani wala kutoka kwenda intaneti. Huo ndio mtandao zitakamoingia plagi.

Katikati ya Aprili: plagi

Plagi hizi zina chipu ya ESP8285, ndugu ya ESP8266 yenye megabaiti 1 ya fleshi ndani yake. Programu yake ya awali hupeleka kila amri kwenye seva ya mbali: anayebonyeza simu akiwa chumba kimoja na taa husubiri ujumbe wake uende ng'ambo na kurudi. Intaneti ikikatika, simu haiwezi tena kuiamuru plagi. Seva ikifungwa, habari ndiyo imekwisha, kama ilivyotokea kwa kitovu cha vifaa mahiri kiitwacho Revolv, ambacho huduma yake ilizimwa Mei 2016 baada ya kampuni kununuliwa, na vifaa vilivyokuwa vizima vikabaki bila kazi.

Usakinishaji wa Tasmota ulifanyika kwa waya, na kuna sharti ambalo halina msamaha: plagi isiunganishwe na umeme wa ukutani wakati wowote kasha likiwa wazi na adapta ya seri ikiwa imeunganishwa. Katika plagi za aina hii saketi ya chipu haikutengwa na umeme mkuu, kwa hiyo volti ya ukutani inaweza kufika kwenye adapta, kwenye kompyuta na kwenye mkono. Umeme wa kazi hii hutoka kwenye adapta peke yake, kwa volti 3.3. Pini ya GPIO0 huunganishwa na ardhi wakati wa kuwasha ili chipu ikubali kuandikwa, programu ya awali husomwa na kuhifadhiwa, halafu Tasmota huandikwa. Baada ya hapo kasha hufungwa, na masasisho yote yajayo hupita kwa Wi-Fi. Kwa kuwa megabaiti 1 haitoshi kubeba programu inayofanya kazi na programu mpya kamili kwa pamoja, sasisho huenda kwa hatua mbili: toleo dogo huandikwa kwanza, nalo hupokea toleo kamili.

Seva ya MQTT, njia nyepesi ya vifaa kutumiana ujumbe, inayopokea taarifa za plagi nimeiweka ndani ya ruta yenyewe, kwa kutumia Mosquitto. RAM ya megabaiti 128 inaibeba bila shida. Tasmota ya kawaida kwa chipu hii haisimbi mawasiliano ya MQTT kwa TLS, na hiyo ndiyo sababu mtandao wa pekee ulitangulia. Plagi hutuma hali yake kila sekunde 300 kwa chaguo-msingi, na amri hufika papo hapo, intaneti iwepo au isiwepo. Kipimo cha matumizi ya umeme kilihitaji kurekebishwa kwa kutumia balbu ya nyuzi yenye wati zinazojulikana. Kabla ya hapo namba zake zilikuwa za kukisia, na sioni sababu ya kuamini kwamba za kiwandani zilikuwa bora.

Tahadhari kwa anayetaka kufuata njia hii: baadhi ya watengenezaji wameacha chipu za Espressif, mtengenezaji wa ESP8285, na kuweka za Beken ndani ya kasha lilelile, na hizo haziendeshi Tasmota. Upo mradi mwingine, OpenBeken, unaozishughulikia, lakini lazima mtu ajue anashika nini kabla ya kuandika chochote.

Mwishoni mwa Aprili: ambayo hayakupatikana

Dai la kwamba programu dhibiti mbadala huongeza umbali wa Wi-Fi nimelikataa. Kuongeza nguvu ya kutuma huifanya ruta ipaze sauti, lakini hakuisaidii simu kujibu kwa nguvu zaidi, na mawasiliano huishia pale upande dhaifu unapoishia. Zaidi ya hayo, nguvu hizo zina mipaka ya kisheria ya kila nchi. Agosti 2016 TP-Link ilikubali kulipa dola 200,000 nchini Marekani kwa sababu ruta zake ziliruhusu kuvuka mipaka hiyo kwa kubadilisha mpangilio wa nchi; la kuvutia ni kwamba makubaliano hayo hayo yaliitaka kampuni ishirikiane na jumuiya za programu huria ili usakinishaji wa programu dhibiti mbadala uendelee kuwezekana. Nimeacha msimbo wa nchi ulivyo sahihi, na umbali haujabadilika.

Udhamini, kama ungekuwepo, huenda ungepotea. Kasi ya juu kabisa ya Wi-Fi imepungua kidogo katika bendi ya gigahezi 5, kwa kuwa kiendeshi huria hakifikii kila hila ya kile cha mtengenezaji. Nimeipima tofauti hiyo mara kadhaa, na siihisi katika matumizi.

Hali ya sasa: ruta na plagi zote zimo kazini, nakala za mipangilio zipo, na faili za awali zimehifadhiwa pamoja na ART. Ruta ya pili niliyokusudia kuiunganisha, yenye fleshi ya megabaiti 4 na RAM ya megabaiti 32, nimeiondoa kwenye mpango. OpenWrt 19.07 ndiyo toleo la mwisho lililozihudumia ruta za ukubwa huo, nalo halipati tena marekebisho ya usalama tangu 2022. Matoleo ya sasa yanahitaji angalau megabaiti 8 za fleshi na 64 za RAM. Redio zake zitazimwa, na itatumika kama swichi ya nyaya katika mtandao wa majaribio usiofika intaneti. Nafasi yake itachukuliwa na ruta iliyotumika yenye fleshi ya kutosha, ambayo nitaikagua kwenye jedwali la vifaa, toleo kwa toleo, kabla ya kuinunua.